Mzigo wa frasila mbili: tathmini ya kipindi cha shuleni na ziara ya Tembe la Kwihara, Tabora

Mwezi Mei mwaka huu, shule ninayofundisha hapa Tabora mjini ilipokea kwa mara ya kwanza kikundi cha waongozaji wanaopeleka habari za Tembe la Livingstone la Kwihara shuleni na kwenye vikundi vya kijamii, kisha huwachukua wanafunzi au wanakikundi hao hadi kwenye nyumba yenyewe. Kikundi hicho sitakitaja jina, kwa kuwa baadhi ya niliyoyaona yanahitaji kurekebishwa na sipendi vijana wale wakose kazi kwa sababu ya kalamu yangu. Mwalimu wa Tabora anayewahitaji hatapata taabu kuwaulizia kwa walimu wenzake. Niliwaona wakifanya kazi mara mbili, kwanza nikiwa mwalimu wa Darasa la Nne lenye wanafunzi 46, na wiki tatu baadaye nikiwa mwanachama wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa huko Ng'ambo, hapa hapa Tabora. Hukumu yangu naiweka mapema: walichotuletea darasani na kwenye kikao chetu kilikuwa kizuri kuliko walichotuonyesha ndani ya nyumba, na anayelipia ziara peke yake bila kipindi kinachoitangulia anaikosa nusu iliyo bora.

Kwa asiyeifahamu nyumba hiyo, Tembe lipo Kwihara, kilomita chache kusini ya mji, katika eneo lililokuwa moyo wa Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi. Lilijengwa mwaka 1857 na wafanyabiashara wa Kiarabu, likiwa na kuta nene za udongo, paa bapa, mlango wa mbao uliotiwa nakshi, na vyumba vinavyouzunguka ua wa ndani. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifikia hapo mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti. Baada ya kuonana Ujiji walirudi pamoja, wakafika Kwihara Februari 1872. Stanley akaondoka mwezi Machi kwenda pwani, na Livingstone akabaki akisubiri watu na vifaa mpaka tarehe 25 Agosti, alipoanza safari ambayo hakurudi. Vyumbani mna nakala za barua, ramani, picha na kurasa za magazeti ya zamani. Kwihara pia ni mojawapo ya vituo sita vya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe ambavyo Tanzania iliviingiza mwaka 2006 katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji.

Kipindi cha darasani kilipangwa kuanza saa tatu asubuhi na kikaanza saa nne na dakika arobaini. Hilo halikunifurahisha, kwa sababu ratiba ya shule ya msingi haina nafasi ya kumsubiri mgeni, na mwalimu wa Hisabati alilazimika kuniachia kipindi chake kwa shingo upande. Waongozaji walikuwa wawili, mmoja kijana na mwingine mtu wa makamo, nao walishuka kwenye bodaboda mbili wakiwa na gunia lililofungwa kwa kamba ya katani, kitambaa cheupe kilichokunjwa, kingine cheusi ambacho watoto walikitambua mara moja kuwa ni kaniki, na ramani ya Tanzania iliyochorwa kwa mkono juu ya shuka. Hapakuwa na kompyuta wala projekta, na kwa kuwa umeme ulikatika dakika kumi baada ya kuanza, nadhani walijua wanakokwenda.

Gunia ndilo lililolishika darasa. Ndani yake mlikuwa na mchanga wa uzito wa frasila mbili, yaani karibu kilo 32, ambao ndio uzito wa kawaida wa mzigo wa mpagazi katika misafara ya karne ya 19. Yule wa makamo hakuanza kwa kueleza. Aliliweka gunia sakafuni mbele ya ubao na kuuliza nani ataliinua. Wavulana wa nyuma, ambao kwa kawaida huwa wa mwisho kunyanyua mkono, walikuwa wa kwanza kufika mbele. Mmoja alilivuta likasogea kidogo, wawili wakalifikisha magotini, na kicheko kilikuwa kikubwa hata mwalimu mkuu akachungulia mlangoni. Ndipo msichana mmoja mdogo wa umbo, ambaye najua kwamba huchota maji kila siku kabla ya kuja shuleni, alipovua sweta lake, akalisokota likawa ngata, akaiweka kichwani na kusema, “Mzigo hauinuliwi hivyo, mwalimu. Mtu anatwishwa.” Mwongozaji alinyamaza kwa muda, kisha akamwambia kwamba yeye amefanya kazi hii kwa miaka na hajawahi kulieleza jambo hilo vizuri kama alivyolieleza yeye. Gunia lenyewe hakumtwisha, jambo ambalo nililipenda. Alitoa mfuko mwingine wa kilo tano alioutayarisha kwa ajili ya watoto, na kila aliyetaka akatembea nao kutoka ubaoni hadi mlangoni.

Kutoka hapo maelezo yaliingia yenyewe. Watoto walielezwa kwamba msafara uliobeba mizigo kutoka pwani hadi Unyanyembe ulichukua miezi mitatu hivi au zaidi, kwamba Wanyamwezi wengi walifanya upagazi kama kazi ya ujira, wakisafiri zaidi wakati wa kiangazi na kurudi kulima mvua zinapokaribia, na kwamba walikuwa wakienda pwani kwa biashara zao wenyewe miongo mingi kabla ya Mzungu yeyote kufika Tabora. Nimefundisha somo hili kwa miaka kadhaa, nami nakiri kwamba vitabu vyangu vya zamani viliwaweka wapagazi na watumwa katika sentensi moja, kana kwamba ni watu wale wale. Wapo watumwa waliobebeshwa pembe, na walikuwa wengi. Lakini mpagazi aliyepatana mshahara, akagoma mzigo ulipozidi na kuutupa njiani alipodhulumiwa, ni mtu mwingine, na mtoto wa Kinyamwezi anastahili kumjua.

Sehemu ya kitambaa ilikuwa nzuri vilevile. Kitambaa cheupe ni kile kilichoitwa merikani, kwa kuwa kilitoka Marekani, nacho pamoja na kaniki na shanga vilitumika kama fedha kote huku bara. Kipimo chake kilikuwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya shuka moja, na minane ikafanya doti. Watoto walipanga mstari wakapima doti moja moja kwa mikono yao, na kila doti ikatoka na urefu wake. Mvulana mmoja aliyepata kitambaa kifupi kuliko wote alisema kwamba angekuwa yeye mnunuzi angemtuma mjomba wake, ambaye ni mrefu, aende kupima. Mwalimu wa Hisabati, ambaye alikuwa bado amesimama mlangoni na kinyongo chake, aliingia darasani na kuuliza kama angeweza kuazima kitambaa kile siku ya Alhamisi kwa ajili ya somo la vipimo. Walimwachia.

Baada ya kitambaa yalifuata maneno. Mwongozaji aliandika ubaoni neno “posho” na kuuliza maana yake. Mmoja akajibu kwamba ni pesa anayopewa baba akienda semina, nasi watu wazima tukacheka kuliko watoto. Akawaeleza kwamba posho ya mpagazi ilikuwa chakula cha siku, kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka. Kisha akaandika “hongo”, na darasa zima likajibu kwa sauti moja kwamba ni rushwa. Hapo aliwaeleza kwamba katika njia ya msafara hongo ilikuwa ushuru aliotozwa msafiri na mtemi ambaye alipita katika nchi yake, akanywa maji ya visima vyake na kulala chini ya ulinzi wake, na kwamba ugomvi mkubwa wa misafara huko Ugogo ulikuwa juu ya kiasi cha hongo wala si juu ya haki ya kuitoza. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoingia na mtaala mpya ulioanza mwaka 2024, linatutaka tufundishe uadilifu pamoja na historia, na mara nyingi mambo hayo mawili hukaa mbalimbali kama wageni wasiojuana. Safari hii yalikutana ndani ya neno moja, na mjadala uliozuka kuhusu lini ushuru unageuka kuwa rushwa ulikuwa wa watoto wa miaka tisa na kumi, lakini ningeusikiliza hata katika baraza la watu wazima.

Sasa naja kwenye jambo ambalo lilitaka kuharibu yote. Yule kijana, ambaye hadi wakati huo alikuwa msaidizi, alichukua kamba ya katani na kuwaambia watoto kumi wasimame katika mstari ili awafunge mmoja baada ya mwingine waone jinsi watumwa walivyosafirishwa. Nilimzuia. Sikumzuia kwa sababu naona historia ya utumwa ifichwe watoto. Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha biashara hiyo, na kuficha kungekuwa uongo. Nilimzuia kwa sababu mchezo huo haufundishi maumivu, unafundisha mchezo: waliofungwa watacheka, aliyeshika kamba atafurahia kuwa bwana, na katika darasa la mji huu wapo watoto ambao mababu zao walifika hapa wakiwa wamefungwa kweli. Kutwishwa mfuko wa mchanga ni kujaribu kazi, lakini kufungwa kamba ni kuigiza kudhalilishwa, na mtoto wa miaka tisa hana ngao ya kujikinga na jambo la pili. Kijana alitahayari, mwenzake akachukua kamba bila neno, akaitandaza juu ya ile ramani ya shuka kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na kuwaambia watoto kwamba urefu huo ni kama kilomita 1,200 na kwamba wapo walioutembea pasipo hiari yao. Kisha akakaa kimya, na watoto nao wakakaa kimya, pasipo mtu kufungwa kamba. Baadaye alinieleza kwamba shule nyingine huwaomba wafanye igizo hilo kwa sababu picha zake hupendeza kwenye makundi ya wazazi ya WhatsApp. Namsadiki, na lawama hiyo nadhani ni yetu walimu kuliko yao.

Ziara ilifanyika siku tatu baadaye. Usafiri tuliukodi wenyewe, Coaster moja, na ada ya kikundi kwa kila mwanafunzi haikuzidi bei ya madaftari makubwa mawili, kwa hiyo kwa upande wa gharama sina la kulalamika. Barua ya wazazi waliiandaa wao, ikiwa kwa Kiswahili kinachosomeka, ikamkumbusha mzazi kofia, maji ya kunywa na chakula cha mchana. Njia ni ya vumbi na Mei ni wakati mzuri. Sijui kama ningethubutu mwezi Februari.

Ndani ya nyumba mambo yalipungua kasi, au niseme yalizidi kasi mahali pasipostahili. Kijana ndiye aliyeongoza, kwa kuwa mwenzake alibaki nje akipanga kundi la pili. Katika muda wa saa moja tuliopangiwa, karibu dakika arobaini zilikwenda kwenye chumba kimoja na habari ya mtu mmoja, aliyekuwa mgeni mle ndani kwa miezi kadhaa tu. Watoto waliambiwa Livingstone alilala wapi, aliandika nini, Stanley alimwamkia vipi. Na walipofika kwenye habari ya kuamkiana, kijana alinyoosha mkono kuelekea mwembe uliokuwa nje na kusema kwamba wawili hao walikutana chini yake. Si kweli. Walikutana Ujiji mwaka 1871, karibu na Ziwa Tanganyika, na mtu wa Kigoma akisikia Tabora tumempora mwembe wake atakuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu kule mnara wa kumbukumbu upo, miembe inayosemekana imetokana na ule wa asili ipo, na zipo hata sanamu kubwa za wawili hao wakivuliana kofia. Nilimrekebisha taratibu mbele ya watoto, naye alilipokea vizuri, lakini mwongozaji wa nyumba ya kihistoria asiyejua ni tukio gani lilitokea katika nyumba yake na lipi lilitokea mamia ya kilomita kutoka hapo hajawa tayari kupewa kundi peke yake. Nakala za barua na magazeti ukutani ni za Kiingereza, kama zilivyoandikwa, na mwongozaji alizisoma kwa Kiingereza hicho hicho akaendelea mbele, ilhali hakuna mtoto wa Darasa la Nne ambaye angeweza kumfuata. Sentensi mbili za tafsiri zingetosha.

Nyumba yenyewe ilikuwa na mengi ya kusema kama angeiachia nafasi. Nje jua lilikuwa kali na ndani palikuwa na ubaridi, na mwanafunzi mmoja aliweka kiganja ukutani akakiacha hapo, akaniuliza kwa nini nyumba yao ya bati na tofali za saruji haiko hivyo. Unene wa kuta na paa la udongo ni somo zima la sayansi, lakini swali hilo lilijibiwa na mimi wala si mwongozaji. Kizingiti cha mlango ule wa nakshi kiko juu, na mwanafunzi wetu anayetumia kiti cha magurudumu tuliingia naye kwa kumnyanyua mimi na dereva. Kikundi kingeweza kuuliza mapema kama tuna mtoto wa namna hiyo na kuja na ubao wa kupitishia kiti.

Kilichoiokoa ziara ni dakika kumi na tano za mwisho, yule mtu wa makamo alipoingia na kuwakusanya watoto uani. Aliwaambia kwamba Livingstone alikufa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho sasa kiko Zambia. Kwamba watu wake, wakiwemo Chuma na Susi waliokuwa naye kwa miaka mingi, na Jacob Wainwright aliyejua kuandika, walizika moyo wake huko chini ya mti, wakakausha mwili na kuubeba kuelekea pwani. Na kwamba mwezi Oktoba mwaka huo walifika hapa hapa Unyanyembe na mzigo wao. Walimkuta Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone, naye akawashauri wauzike mwili hapa kwa sababu njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na tarehe 18 Aprili mwaka huo Livingstone akazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey, Wainwright akiwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza. “Fikirini,” alisema, “watu hawa walisimama Kwihara, wakaambiwa na ofisa wa Kizungu waweke mzigo chini, wakasema hapana.” Msichana wa ngata alikuwa amekaa mbele kabisa. Mvulana mmoja akanyoosha mkono na kuuliza, “Walilipwa?”

Ni swali bora kuliko yote niliyoyasikia katika siku hizo mbili. Mwongozaji alisema linastahili kujibiwa kwa utulivu, akaahidi kulijibu katika kipindi cha tatu, kile cha kufuatilia baada ya ziara, ambacho kimo katika mpango wao na katika ada tuliyolipa. Kipindi hicho hakijafanyika hadi ninapoandika. Nilipopiga simu niliambiwa wamebanwa. Nilipopiga mara ya pili niliambiwa tutapangiwa. Sisemi kwamba wametudhulumu, lakini kipindi cha kufuatilia si zawadi ya nyongeza. Ndicho kinachotenganisha mafunzo na matembezi. Kwa wakati huu nimemweleza mtoto yule kwamba Jumuiya ya Kijiografia ya Uingereza iliwatengenezea watu hao medali ya fedha, naye akaniuliza kama medali inanunua chakula.

Jina moja ambalo halikutajwa kabisa, darasani wala uani, ni la Halima, mpishi wa Livingstone, ambaye Livingstone mwenyewe alimsifu katika shajara yake na kuandika kwamba angemnunulia nyumba na bustani Unguja. Misafara ilikuwa na wanawake: waliopika, waliobeba, waliowafuata waume zao, na walionunuliwa. Katika programu inayojivunia kuwatoa wapagazi kwenye giza, kuwaacha wanawake jikoni bila majina ni kazi iliyoishia katikati, hasa kwa kuwa nusu ya wasikilizaji wao ni wasichana.

Kuhusu kikao cha Ng'ambo nitasema kwa ufupi zaidi, ingawa hapo ndipo nilipoona kwa nini kazi hii isiishie shuleni. Walikuja Jumamosi jioni, safari hii kwa wakati, tukiwa tumemaliza kuhesabu hisa na viti vya plastiki viko chini ya mwembe. Walikuja na gunia lile lile na kitambaa kile kile, lakini yule wa makamo alizungumza kidogo na kuuliza sana. Bibi mmoja, mkubwa kuliko sote pale, aliposikia neno mpagazi alisema kwamba babu yake alikwenda pwani na kurudi, akaeleza jinsi ngata ya safari ndefu ilivyotofautiana na ya kuchotea maji, kisha akaimba wimbo wa mwendo kwa Kinyamwezi kwa sauti iliyotunyamazisha hata sisi tusioelewa maneno yote. Kijana alitoa simu na kuanza kurekodi.

“Shikamoo Bibi, samahani,” mwenzake akaingilia, huku akiushusha mkono wa kijana. “Tunaomba ruhusa kwanza. Turekodi au tusirekodi?”

“Marahaba. Rekodini,” Bibi alisema. “Lakini wimbo huu mkiupeleka huko kwa wanafunzi, mtaje kwamba ni wangu. Na wa babu yangu.”

Nililipenda jibu lake na nilipenda kwamba aliulizwa, ijapokuwa aliulizwa simu ikiwa tayari inazunguka. Vikundi vinavyokusanya masimulizi ya wazee wetu vinapaswa kuwa na utaratibu wa ruhusa kabla hata ya kuketi: nani atahifadhi sauti hiyo, nani ataisikiliza, na mzee atapata nakala au la. Niliwauliza kuhusu nakala na wakasema wataleta. Wiki iliyofuata mjukuu wa Bibi alikuwa nayo kwenye simu yake. Kwa hilo nawapongeza bila masharti.

Lilikuwapo pia jambo dogo ambalo huenda wengine hawakuliona. Mama mmoja, aliyekaa pembeni, alisema kwa sauti ya chini kwamba watu wa kwao ni Wamanyema, wenye asili ya mashariki ya Kongo, na kwamba hawakuja hapa kwa kupenda kwao. Hakuendelea. Nilihofia kwamba kijana atamhimiza aeleze zaidi, au atatoa hotuba, lakini hakufanya hivyo; aliitikia kwa kichwa, akasema, “Ahsante, mama, kwa kutuambia,” na kusubiri. Mazungumzo yalirejea yenyewe baada ya muda. Yawezekana alijifunza kitu siku ile darasani kwangu, au pengine watu wazima humfanya awe makini zaidi. Vyovyote vile, ndani ya wiki tatu alikuwa mwongozaji mwingine, na hii ndiyo sababu ya pili ya kutotaja jina lao.

Kama nyota zinahitajika, kipindi cha darasani nakipa tano na kuondoa moja kwa kuchelewa na kwa ile kamba; kikao cha kikundi nakipa tano kamili; ziara ya nyumba tatu, mbili kati yake zikiwa za zile dakika kumi na tano za uani. Mwalimu anayetaka kuwaalika aandike barua mapema kupitia kwa mwalimu mkuu, aombe kwa jina la kazi yule wa makamo aongoze ndani ya nyumba, aseme wazi kwamba hataki igizo la kufunga watoto, na asilipe sehemu ya mwisho ya ada hadi kipindi cha tatu kifanyike. Darasa lenye zaidi ya watoto arobaini ligawanywe makundi mawili, kwa sababu vyumba vya tembe havikujengwa kwa ajili ya umati.

Sisi tumeshawaandikia tena. Tumeomba tarehe ya kipindi kile tunachowadai, na chini ya barua, kwa mwandiko wa penseli ambao mwalimu mkuu ameukubali kama ulivyo, mwanafunzi wangu ameongeza swali lake na kuongeza jingine: kama walilipwa, walilipwa doti ngapi, na zilipimwa kwa mkono wa nani.